Upande wa Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, Al Khoudh tayari inafuka.
Juu ya duka la mshona kanzu, mlango usio na kibao,
abaya zetu zinaning'inia misumarini
kama mkutano wa watu wazima waliokuja bila miili.
Humo ndimo ninamolipa riali ishirini na tano kwa mwezi
ili binti wa Rustaki, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza,
anifundishe kusimama.

Kusimama! Mie, mkuu wa maabara,
watu kumi na mmoja chini yangu,
mhuri wangu, kiti changu kinachozunguka.

"Mgongo," namwambia, "mgongo wangu mbovu."
Thuraya hajibu. "Vua viatu. Mguu mmoja."
Wa kulia: nasimama kama nguzo ya msikiti.
Wa kushoto: nayumba, nakamata hewa,
na hewa haina mpini.

Ananiwekea vidole viwili nyuma, chini ya kiuno,
(samahani kwa neno) kwenye tako.
"Hili limelala. Tangu lini?"
Tangu lini! Nani huhesabu usingizi wa tako?
Tunacheka wote, hata Bi Shinuna mwenye goti la bandia,
cheko linagonga vioo na kurudi.

Yeye hacheki.
"Mgongo wako si mbovu, mama. Mgongo wako mtiifu.
Unafanya kazi yake na ya jirani aliyelala,
na sasa unapiga kelele.
Nawe unaukanda, unaubandika plasta,
unauambia nyamaza."

Nikanyamaza mimi.

Mkobani, chini ya taulo, ipo barua.
Nimeiandika jana, mistari minane,
Kiarabu cha ofisini kilichopigwa pasi:
onyo la kwanza kwa Mundhir bin Saud
kwa kuinua sauti na kupiga meza mbele ya wenzake.
Mundhir, ambaye miaka sita sijamsikia kusema hapana.
Zamu ya Idi? Mundhir. Mashine imegoma usiku? Mundhir.
Damu ya dharura, wanafunzi wa mazoezi, funguo za friji? Mundhir.
Mzigo mzito mpe Mnyamwezi,
walisema wazee wetu, wamekaa kitako,
na methali ikavuka maji pamoja nasi bila kulipiwa ushuru.
Mgongo wa Mnyamwezi hakuna aliyeuuliza.

"Chuchumaa. Polepole. Sikiliza kabla ya kusukuma."
Nasikiliza. Goti linasema jambo dogo.
Taya limebanwa. Taya lina kazi gani katika kuchuchumaa?
Pumzi nimeifungia kifuani kama karani na faili la mtu.
Na kule, upande wa kushoto, kimya,
kimya cha aliyejifunika shuka huku kazi ikimpita.
Sikuukasirikia. Hakuna aliyewahi kuuamsha.
Aliyeitika nilimwita tena, na tena;
asiyeitika upesi nikamsahau.
Ndivyo nilivyouongoza mwili huu miaka arobaini na tisa.

Mara ya saba, kitu kikatetemeka.
Si nguvu, hapana. Mtetemo tu,
kama simu ndani ya droo ya mtu mwingine.
"Huyo," akasema Thuraya. "Mkaribishe.
Usimtwishe kilo nyingi leo."

Nje, jua limeshavuka mapaa. Usukani unaunguza vidole.
Nikakaa, kiyoyozi kikinipulizia moto kabla ya baridi,
nikaitoa barua, nikaigeuza,
na mgongoni mwake nikaanza kuandika majina,
kwanza wale ambao sauti zao sizijui:
Asila. Yule wa Sur anayekula peke yake. Ghalib.
Nikakwama. Ghalib anaweza nini?
Miaka mitatu nampita, sabalkheri, masalkheri.

Na Mundhir, nitamwambiaje?
Nilipolifikia jina lake, taya likabana tena.
Nikaliachia. Likabana.

Wino ukakatika. Nikapapasa mkoba kutafuta kalamu nyingine,
na mguu wa kushoto,
usio na kazi katika gari hizi za otomatiki,
bado ulikuwa unatetemeka.