Deni la Friji

Hakuna busu katika filamu hii.
Nakwambia mapema, usije ukanidai nauli.

Montevideo, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio.
Nilda anapanda ngazi, daftari la duka kwapani,
miaka hamsini na mitatu, kiatu cha kushoto kinalia kwi, kwi,
kila Alhamisi, kudai deni la friji.

Eleuterio, fundi wa meno ya bandia,
pesa anazo. Zimejaa kopo la kahawa.
Ila analipa kwa sarafu,
zile ndogondogo alizozisaka kwa muuza magazeti,
ili mwanamke azihesabu mezani, moja moja,
na akifika mia mbili na kumi
bwana anakohoa makusudi.
Nilda anapotewa. Anaanza upya.

Dawa ya deni kulipa, walinena wahenga.
Hawakumfikiria mgonjwa asiyetaka kupona.

Mtengenezaji angeweza kutuletea mvua,
mbio za uwanja wa ndege, fidla.
Katunyima vyote. Katupa mngurumo wa friji
unaokatika ghafla mtu anapotaka kusema neno,
na neno, likisikia ule ukimya,
linarudi tumboni.
Ukumbi mzima ulicheka hapo.
Mzee mmoja nyuma yangu alicheka hadi akatoa leso,
kisha hakuirudisha mfukoni.

Halafu mate.
Ndivyo wenyewe wanavyokiita kinywaji chao:
majani machungu, maji moto, kibuyu kimoja,
mrija mmoja wa chuma.
Eleuterio anafyonza. Anajaza. Anampa.
Nilda anafyonza palepale.
Watu wa Montevideo wanatafuna bisi, hawajaona kitu.
Mimi na Kiswahili changu nimeshika kiti kwa mikono miwili:
wamebadilishana mate mchana kweupe,
nami nimeshakuapia hakuna busu!

Malipo ya mwisho. Mhuri, pa!
Kwi, kwi, kwi, hadi chini.
Kamera haimfuati. Inabaki na yule bwana
na friji lake, lake kabisa sasa,
na mlango anaoufungua, anaufunga,
ndani kuna limau moja.

Alhamisi, dukani.
"Nataka friji."
"Unalo."
"La pili. Kwa mkopo."
"Wa muda gani?"
Anatazama kiatu chake cha kushoto, hajibu.
Nilda analowesha kidole kwa mate,
haya yetu,
anatafuta ukurasa mtupu.