Nyuma ya Nyumba, Baada ya Mvua ya Mawe

Ilianza kama mtu anayemwaga choroko juu ya bati,
kisha kunde, kisha mtu yule akakasirika
akamwaga debe zima la kokoto.
Mbwa aliingia chini ya kitanda bila kuomba ruhusa.
Dakika kumi na mbili. Nilihesabu kwa saa ya studio,
ile niliyoileta nyumbani kwa kuwa kule ilichelewa
na wateja wakalalamika.

Halafu kimya, kimya cha kuziba masikio,
na nilipofungua mlango wa uani
Urambo ilikuwa imepotea.
Kinu kimejaa weupe.
Sufuria niliyoiloweka jana, nyeupe.
Baridi ikapanda kutoka nyayoni
kama mafuta yanavyopanda utambi.

Nikachukua kamera.
Miaka kumi na tisa napiga picha za pasipoti:
kitambaa cha buluu, kidevu juu, usicheke, tazama hapa.
Sijawahi kupiga kitu kisichonilipa.

Wa kwanza alikuwa kitwitwi.
Alitembea juu ya barafu kwa hatua za karani aliyechelewa kazini,
mkia juu, mkia chini,
akainua mguu mmoja, akautazama,
akaushusha, akainua wa pili.
Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa.
Nikalala kifudifudi, tumbo kwenye mawe,
nikazuia pumzi, maana pumzi ilitoka kama moshi
na moshi ulifunga lenzi.

Kwenye ua wa minyaa, kinyonga.
Huyu ndiye mteja niliyemtafuta maisha yangu yote:
hakucheka, hakujitikisa, hakuuliza bei.
Alikuwa amejaribu kushika rangi ya siku ile
akafika nusu, kijivu cha majivu yaliyomwagiwa maji,
akaishia hapo.
Jicho moja kwangu, jicho moja mbinguni,
kama anayeuliza ni yupi kati yetu aliyefanya hivi.

Tetere hakuwa na bahati. Alilala ubavu chini ya mpapai.
Nilimpiga, nikaifuta,
kisha nikajuta kuifuta.

Nyamizi wa jirani akapenyeza kichwa kwenye ua:
"Hii ndiyo theluji ya kwenye kalenda?"
Nikamwambia hapana, theluji hushuka polepole, haina hasira.
Nilijuaje? Sijawahi kuiona.

Nyuma yake akaja mama yake, Kalunde,
kanga imelowa kichwani, mkononi jani la tumbaku
limetobolewa kama chekeche.
Nikasimama haraka, nikapangusa tope tumboni
kama mtu aliyekutwa akicheka msibani.
Hakunigombeza. Alitazama kamera, akamtazama kitwitwi,
akasema, "Ukimaliza na ndege wako
njoo upige na shamba langu. Chama wanataka ushahidi,
na ushahidi wenyewe unayeyuka."

Tulikimbia. Ekari mbili za mashina yaliyosimama uchi,
majani yamebaki mishipa,
weupe ukigeuka maji mbele ya macho yetu.
Nilipiga arobaini na moja.
Kidevu juu, nusura niyaambie.

Usiku, nikikuza ya kumi na saba kwenye kompyuta,
chini ya jani lililochanika, pembeni kabisa,
nikaona jicho: chura, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
ameegemea punje ya barafu inayomzidi kimo,
au pengine alikuwa akiisubiri iwe maji.

Karani wa chama aliweka kidole juu yake.
"Na huyu?"
Kalunde akanitangulia kujibu:
"Alikuwepo."
Karani hakucheka. Aliandika kitu, akafunga faili.
Hadi leo hatujajibiwa.

Kitwitwi bado yuko uani, kwenye tope la kawaida.
Hufika karibu na kinu, husimama,
huinua mguu mmoja,
huutazama.