Wikioni

Siku ya tatu Famau wa masijala alinitania:
"Mtandao wenu huu umeshika dini.
Kila ikiadhiniwa, unakuja."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya swichi,
midomo imekauka kwa vumbi la chokaa,
nikitazama taa ndogo ya kijani
ikiwaka, ikizima, ikiwaka,
kama mtu anayetaka kusema neno
kisha analimeza.

Ofisi ya ardhi iko huku,
masijala iko ng'ambo ya kichochoro,
hatua kumi na nne, punda wawili hawapishani.
Katikati, uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele
umebeba viwanja vyote vya Mkomani na Langoni.

Nilifanya niliyofunzwa.
Nikapangusa ncha kwa spiriti.
Nikang'oa moduli ya huku nikaipeleka huko,
ya huko nikaileta huku; ugonjwa haukuhama.
Nikalaumu umeme. Nikalaumu chumvi.
Mombasa wakaniambia kwa simu: badilisha swichi.
Ikaja mpya, ingali na plastiki yake,
ikapepesuka vile vile, utadhani imerithi.

Ndipo nikaacha kugusa. Nikaketi, nikasoma kumbukumbu:

saa tatu kasorobo, kiungo kimekatika
saa sita na dakika thelathini na nne, kimerudi
saa saba na dakika kumi, kimekatika
saa kumi kasoro dakika tisa, kimerudi
saa kumi na dakika ishirini, kimekatika

Mwanga ukipimwa: hasi kumi na tisa kikiwa kizima,
hasi thelathini na tatu kikiumwa.
Mashine haitawadhi.
Basi ni mtu.

Nikachomeka kalamu ya mwanga mwekundu kwenye ncha,
nikatoka kuufuata waya, shingo imepinda,
ukutani, juu ya kizingiti, kwenye tundu la popo,
hadi pale nyumba ya Bi Mwanatumu
inaponyoosha mguu juu ya njia, ikaukanyaga ukuta wa jirani.
Waya ukaingia humo wikioni. Nami nikabisha hodi.

"Ngia, mwanangu. Viatu viate hapo."

Ameketi kitandani, kofia ya vito mapajani,
tundu kwa tundu, hajui kama kuna Mombasa inayopiga simu.
Nikamwomba afunge dirisha.
Giza lilipotulia tukaiona sote wawili:
chini ya kitanda, penye mguu wa upande wa ukuta,
nukta nyekundu, inavuja,
kaa la moto lililosahauliwa mekoni.

"Hebu inuka, Bi."
Akainuka. Ikafifia.
"Hebu keti."
Ikawaka.
Tukafanya hivyo mara nne, ya nne kwa kucheka tu.

Kitanda kilisogezwa mvua za mwezi wa tano,
dari ya kule pembeni inavuja,
na mguu ukatua juu ya waya.
Mwanga haupendi kubanwa kona;
ukikunjwa sana huiacha njia, ukajiendea.
Sikumwambia akisogeze arudi kulowa.
Nikapanda ngazi, nikaupitisha uzi darini,
boriti hadi boriti,
kila kona nikaizungusha upana wa sahani ya pilau.

Alikuwa akinishikia, waya ukipita vidoleni mwake.
"Hini ndiyo ipitishayo makaratasi ya nyumba?"
Nikasema ndiyo.
"Na ombi langu la hati limo?"
Nikamuuliza la mwaka gani.
Akahesabu kwa vifo: mume, dada, tena mume wa dada.
Miaka kumi na mmoja.
"Basi muda wote nimelikalia mwenyewe,"
akasema, wala hakucheka,
akaitafuta sindano yake kwenye shuka.

Leo siku ya kumi na tisa kiungo hakijakatika.
Famau hana tena la kutania.
Jana, watu wamekwisha kuondoka,
nililifungua faili lake.
Likafunguka papo hapo, halikukwama hata kidogo:

Linasubiri sahihi.