Wodi ya Kadibodi

Kajaani, mwezi wa pili, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Katika ghala la kiwanda cha karatasi kilichofungwa
tumesimamisha hospitali ya maboksi:
kuta za kadibodi, milango ya kadibodi,
sinki limechorwa kwa kalamu nene ya buluu
na mtu, sijui nani, amelichorea hata tone.

Mimi ndiye mchoraji wa ramani.
Miezi kumi na minne nimeilea wodi hii kwenye kioo cha kompyuta,
nikiizungusha kwa kidole kimoja.
Haikuwahi kunigonga.

Leo Eerika, muuguzi wa zamu ya usiku,
anasukuma kitanda chenye mwanasesere wa mchanga, kilo tisini.
"Moyo umesimama," anasema Pentti mwenye saa,
kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa basi limechelewa.
Wanakimbia.
Viatu, magurudumu, pumzi,
kona,
kitanda kinakwama.
Sentimita nne.
Sentimita nne zangu, nilizouibia mlango
ili kabati la mashuka lipendeze.
Pentti anasoma saa. Mwanasesere amekwisha kufa.

Hakuna aliyenitazama.
Heri wangenitazama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
huku tunajenga ukuta ili tuutafute ufa.
Eerika anachomoa kisu, anakata,
anausogeza ukuta kwa bega
kama anayeomba nafasi kwenye benchi.
Tena, anasema. Sekunde kumi na tisa.
Tena. Kumi na nne.
Zege lingemsikiliza nani?

Saa nane mchana akaja bibi Hilja,
aliyelala hospitali ya zamani usiku thelathini na moja, nyonga imevunjika.
Akavua viatu vya theluji, akapanda kitandani na soksi zake za sufu,
akanyamaza hata tukadhani amesinzia.
"Kutoka hapa naona dari," akasema.
"Nasikia mtu anakuja, simjui ni nani
mpaka amenishika mkono."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nikalala mimi.
Kadibodi ilinuka gundi. Nyayo zikaja
kutoka upande nisioweza kuuona,
na moyo wangu, mzima kabisa, ukaruka.

Jua huzama saa kumi huku.
Kabla halijazama tulikigeuza kitanda,
nikatoboa dirisha kwa kisu cha Eerika, kingo zimepinda.
Hilja akalala tena, akachungulia.
Upande wa pili Pentti alikuwa anakula mkate mweusi, makombo kifuani.

"Haya," akasema. "Yule namjua."