Goti la Kushoto

Alhamisi, saa moja usiku, ukumbi wa shule huku Dundee
unanuka nta ya sakafu na soksi za watoto.
Nafunga kamba za raba kwa kuinama kiubavu,
kama nyumba iliyoanza kuegemea jirani.

Miezi kumi na mmoja.
Kwanza magongo mawili, kisha moja, kisha hilo moja
likabaki nyuma ya mlango, likitundikwa mwavuli.
Fergus, kijana wa mazoezi, alinihesabia nyuzi za goti:
sitini, themanini, tisini na tano,
nami nikimtukana kwa Kidigo
akidhani nahesabu naye.

Daktari alisema: cheza, ila wawili wawili.
Usiruke. Usikimbilie kila kitu.
Nikacheka. Maneno hayo hayo aliniambia mama
wiki ile naolewa.

Zuwena, binti yangu, hakucheka.
"Mama, kusali unasali kitini,
lakini kwa mpira wa vinyoya goti unalo?"
Sikumjibu. Nilikuwa napaka kovu mafuta ya nazi,
kovu refu, limenyooka,
kama zipu ya koti la mtu mwingine.
Mwenye kovu usidhani kapoa.
Sijadhani. Nimenunua raketi.

Morag anaanzisha. Kinyoya kinapanda hadi kwenye taa,
kinasita huko, kinafikiri,
kisha kinashukia kona ya nyuma,
pale ambapo zamani ningefika mapema nikakingoja.
Nakitazama kikitua.
"Pole," anasema Morag. Neno pekee nililomfundisha,
na analitumia vibaya, kwa furaha.

Cha pili namwachia Bwana Petrie, mwenzangu,
miaka sabini na minne, nyonga ya kiwandani.
Naye ananiachia mimi.
Kinaanguka katikati yetu. Tunaombana radhi.

Cha tatu kinakuja karibu na wavu.
Hatua moja. Goti linalia kidogo,
kijiko ndani ya kikombe,
lakini halikatai.
Sipigi, nagusa tu.
Kinavuka kwa upana wa kidole
na kudondoka upande wao, kimekufa.

Hakuna aliyepiga makofi.
Tulifungwa ishirini na moja kwa tisa.

Usiku, kitini, dirishani,
paji la uso halifiki chini, linaelekea tu.
Mkono wa kulia bado unakumbuka ule mguso.
Rakaa ya tatu hii, au ya nne?
Naanza upya.