Swali la Arobaini na Moja

Nilifika Kitangari na dodoso la maswali mia na ishirini,
kinasa sauti, betri za akiba,
na karatasi ya posho: elfu kumi, mtoa taarifa asaini hapa.
Bi Sikudhani Chilumba akaisoma, akaikunja.
"Mtoa taarifa ni wa polisi.
Andika: mbangua korosho."
Basi, nimeandika.

Vidole vyake vimepakwa jivu,
maana utomvu wa ganda hauchagui mwenyeji wala mgeni,
unababua.
Mimi nauliza, yeye anagonga.

Je, unaweza kusema: Mtoto alipigwa na fimbo?
Tok.
"Mtoto wa nani?"
Wa mfano tu.
"Wa mfano hapigwi. Endelea."

Korosho hii, au korosho hizi?
"Moja ni hii. Kiganjani ni hizi.
Zikishaingia ghalani zinarudi kuwa hii:
korosho imeshuka bei,
korosho haijalipwa."
Nilijaza ukurasa mzima kwa jibu hilo,
mwandiko ukapanda hadi pambizoni.

Na kangomba, hili neno lilitoka wapi?
"Lilikotoka sikujui.
Linakokuja nakujua: mlangoni, mwezi wa nane,
maua yangali mtini na mtoto kafukuzwa ada."

Akaniuliza na yeye, kwa kuwa ni haki yake:
umeolewa?
Sijaolewa.
Akacheka, nyundo ikangoja hewani.
"Hujaolewa, au huolewi?"
Sikuwa na dodoso la swali hilo.

Nikamwonyesha kompyuta,
programu inayokata maneno vipande:
tu-li-wa-on-a. wa-me-tu-sahau.
Nikaandika jina lake, likakatika pia:
si-ku-dhani, nafsi ya kwanza, ukanushi, wakati uliopita.
"Hilo liache zima," akasema.
"Mama yangu alilipata kwa uchungu."
Akanyanyua korosho mbili kwenye ungo.
"Ona. Hii imetoka nzima, daraja la kwanza.
Hii imepasuka. Ladha ni ileile,
lakini kamuulize mnunuzi."

Halafu likaja la arobaini na moja.
Nililisoma kama nilivyosoma mengine,
nikiwaza chai:
Hakurudi. Hajarudi.
Tunga sentensi moja moja.

Hakugonga.

"Mfaume, mdogo wangu, alivuka Ruvuma
kwenda kununua baiskeli upande wa pili.
Hajarudi."

Na hakurudi?

"Hiyo ni ya mtendaji.
Kaiandika kwenye daftari la kaya,
tulikuwa watano, akatutoa wanne.
Nikamwambia, baba, umekosea silabi.
Futa ku, weka ja.
Akasema miaka kumi na mitatu, mama.
Nikamwambia, sikukuuliza miaka."

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka.
Nje mtu alimwita mbuzi kwa jina la mtu.

Dodoso halina adabu.
Swali la arobaini na mbili lilikuwa limeshachapwa, lazima lisomwe:
Geuza sentensi ya pili iwe yakinishi.

Alijua vizuri kabisa inavyogeuka.
Nilimwona akiigeuza, midomo ikigusana
kwenye ile me,
ikaachana bila sauti.
"Inasemeka," akaniambia, "haina kosa.
Lakini si mimi wa kuianza.
Iache wazi hapo. Utakuja kuijaza."
Akachukua korosho nyingine.
Tok.

Sisi huweka kinyota kidogo
mbele ya sentensi ambayo wenye lugha hawaisemi.
Kalamu ilikwenda, ikafika, ikarudi.

Dodoma, msimamizi wangu alipitia jedwali,
akazungushia mstari wa arobaini na mbili kwa wino mwekundu:
"Mbona hapa patupu? Hukuuliza?"

Niliuliza, nikamwandikia chini yake.
Haijajazwa.