Kiasi na Asili

Saa nne usiku, Seeb, joto bado limeegemea dirisha.
Kiyoyozi kinakohoa. Qahtan kalalia daftari,
kesho ana mtihani na mwalimu wao anakwenda mbio.
"Nifundishe wewe, mama."
Mimi niliyevuta vumbi la chaki miaka kumi na mmoja Chake,
leo nahesabu makatoni ya maziwa ghalani Mabela.

Haya. Andika x juu, x jumlisha moja chini.
Cha juu sisi tulikiita kiasi. Cha chini, asili.
Akacheka. "Asili? Ile wanayoniuliza shuleni,
we Zinjibari, asili yako wapi?"
Hiyo hiyo. Na isiwe sifuri.
x ikifika hasi moja hakuna jibu,
mstari unapaa hadi karatasi inakwisha.

Sasa nyambua.
Kama unavyouvuta unga uone unakubali kiasi gani,
basi vuta: kinyambuo cha kiasi mara asili,
toa kiasi mara kinyambuo cha asili,
kisha (jana ulisahau) gawa yote kwa asili mraba.
Juu vikafutana, ikabaki moja, peke yake.
Chini asili imesimama mara mbili.
Akaikodolea macho.
"Yaani kitu kikibadilika asili haipungui, inazidi?"
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta raba.

Ile ile ya mwanzo, sasa iunganishe.
Usiivamie nzima, haimezeki. Ipasue:
moja, toa moja chini ya x jumlisha moja.
Ile moja inakuwa x.
Ya pili inaingia ndani ya logi asilia,
izungushie vijiti viwili, logi haipokei hasi.
Halafu jumlisha C.

"C ya nini?"
Ya kile kinachofutika ukinyambua.
Namba isiyobadilika haiachi alama;
ukirudi huijui ilikuwa ngapi,
unaiwekea herufi.

Siku niliyotua, afisa alinipa fomu:
jina la baba, la babu, la baba wa babu, na wa juu yake.
Nilijaza matatu.
La nne kalamu ilikaa hewani, foleni ikaguna nyuma yangu,
nikapiga kistari.

Hilo sikumwambia. Saa sita ilikuwa imepita.
Swali la mwisho alilifanya mwenyewe, safi, vijiti na vyote,
C hakuiweka.
Nikamkata nusu alama.